Jinsi ya kufumbua vidokezo vya mafumbo kwenye chemshabongo ya maneno

Kidokezo cha kawaida hakina hila. "Mnyama mwenye shingo ndefu (5)": unaandika TWIGA, unaendelea. Kidokezo cha fumbo husomeka kama sentensi yenye maana yake, kumbe sentensi hiyo ni chambo tu. Mtindo huu ulikomaa Uingereza katika miaka ya 1920, hasa Edward Powys Mathers alipoanza kutungia gazeti la The Observer mwaka 1926 kwa jina la Torquemada. Vidokezo vya Kiingereza havitafsiriki, kwa hiyo mifano yote hapa nimeitunga kwa Kiswahili.

Hatua ya 1: Kata kidokezo vipande viwili

Kipande kimoja ni maana ya jibu, na karibu kila mara kiko mwanzoni au mwishoni, si katikati. Kinachobaki ni mchezo wa herufi unaokufikisha kwenye jibu lile lile kwa njia nyingine. Nambari kwenye mabano ni idadi ya herufi.

Chukua hiki: *Mdudu ni ndege asiyeruka (5)*. Ukikisoma juujuu ni upuuzi, mdudu hawezi kuwa ndege. Sasa kikate. Maana iko mwishoni: "ndege asiyeruka". Zimebaki "mdudu" na "ni". Mdudu wa herufi tatu, MBU. Ongeza NI kama ilivyo, unapata MBUNI. Ule ushahidi wa pande mbili ndio unaokupa uhakika, hata kabla hujapata herufi moja ya kukatiza kutoka neno jingine.

Koma na nukta zipuuze kabisa. Mtungaji huziweka ili ukate pasipostahili.

Hatua ya 2: Tafuta neno linaloamrisha

Ndani ya mchezo wa herufi mna neno linalokuambia ufanye nini. Ukiona kuvuruga, kuchanganya, kupangua, kulewa au kuvunjika, zipange upya herufi za neno la jirani. *Karani aliyevurugwa akawa kiongozi (6)*: herufi za KARANI zikipangwa upya zinatoa KINARA.

Hapa Kiswahili kinakubeba. Maneno yetu mengi huishia na irabu, kwa hiyo mraba wa mwisho weka A au I, usihangaike na K, R wala N. Tena una konsonanti tatu na irabu tatu. Jaribu kwanza mpangilio wa konsonanti-irabu, konsonanti-irabu. Ukishapata R ya mraba wa tano kutoka neno linalokatiza wima, kazi imekwisha.

"Ndani ya", "yumo" au "sehemu ya" mara nyingi huashiria neno lililojificha. *Ndani ya basi mbali kuna mnyama mkali (5)*. Soma ukiruka nafasi kati ya maneno: baSIMBAli. Lakini "ndani ya" huweza pia kumaanisha kuingiza herufi kwenye neno jingine: *Mwanzo wa tatizo ndani ya moto ni mwana (5)*. Mwanzo wa tatizo ni T. Itie ndani ya MOTO, upate MTOTO.

Kurudi, kugeuka na kinyume huashiria kusoma kutoka nyuma. *Rudisha uma kwa ndugu wa baba (3)* ni AMU. Watungaji wa Kiswahili hawana uhuru mkubwa hapa: neno linaloanza kwa konsonanti likigeuzwa huishia na konsonanti. Kwa hiyo tafuta linaloanza kwa irabu.

Maneno yanayosikika sawa lakini yakaandikwa tofauti ni machache mno kwetu, kwani tunaandika tunavyotamka. Usipoteze muda huko. Badala yake tarajia neno moja lenye maana mbili, maana Kiswahili kimejaa hayo.

Hatua ya 3: Iulize sarufi

Maana ikiwa "alipumzika", jibu nalo litakuwa kitenzi cha wakati uliopita, na unaweza kuandika ALI- kwa penseli kabla hujajua lingine lolote. Maana ikiwa katika wingi, jaribu MA-, VI-, WA- au MI-, ila kumbuka ndizi na nyumba hazibadiliki.

Hatua ya 4: Hakikisha kila neno limefanya kazi

Derrick Macnutt, aliyetunga kwa jina la Ximenes, alishikilia kwamba kidokezo cha haki kina maana sahihi, mchezo sahihi wa herufi, na hakuna kingine. Tumia kigezo hicho kujikagua: ukiwa na jibu lakini neno moja la kidokezo halina kazi, uwezekano mkubwa umekosea. Mimi jibu la namna hiyo silipitishii wino.

Jaribu haya matatu:

*Swala juu ya nyumba (3)*
*Mpaka uliokatwa kichwa, mnyama afugwaye (4)*
*Mlima bila kilele, fanya kazi ya jembe (4)*

Majibu: PAA, mnyama wa jamii ya swala na pia sehemu ya juu ya nyumba, PAKA, baada ya kuondoa M ya mpaka, na LIMA. Hicho cha mwisho kinafaa zaidi kwenye maneno ya wima, ambako herufi ya kwanza kweli iko juu.