Jinsi ya kumuona mnana jike akichagua dume

Watu wengi wakifika kwenye mti wenye viota vya minana, wale ndege wasuka viota (wengine wanawaita kwera), wanamwangalia dume tu, maana ndo anang'aa na ndo mwenye kelele. Mfuatilie jike, yeye ndo anaamua.

Subiri mvua zianze, majani yawe mabichi. Tafuta mti unaoning'inia viota vingi, mara nyingi uko jirani na maji au minazi, nenda asubuhi na ukae mbali kidogo na darubini au hata simu, ukisimama chini kabisa wanaruka wote. Na watoto wenye fimbo waache nyumbani jamani.

Dume wa mnana kichwa-cheusi ni wa njano, jicho jekundu. Jike rangi yake imepoa, njano ya kufifia na mgongo wa kijivu kijivu, usidhani ni kinda.

Afu angalia rangi ya viota, maana dume ndo anasuka na jike anamchagua kwa kiota chake. Cha kijani ni kipya, cha kahawia kimeshakaa, na jike anataka kile kibichi. Nicholas na Elsie Collias, wanasayansi wa Marekani waliowachunguza ndege hawa miaka mingi, waliliona hilo. Mi naona ana haki kabisa, kiota kipya ndo chenye nguvu ya kubeba makinda.

Jike akitua tu, madume wanajining'iniza kichwa chini mlangoni, wanapigapiga mabawa, vurugu tupu. Hapo mkazie macho jike. Akiingia ndani utaona kiota kinatikisika, anadonoa na kuvutavuta majani anapima ususi. Kuna siku nilimuona mmoja kaingia kiota kimoja mara nne, dume yuko pembeni anangoja, mara ya nne katoka akaenda zake kwa jirani, aisee nilimuonea huruma yule dume.

Utajuaje kakubali? Anarudi na nyasi laini au manyoya mdomoni, anaingia kutandika. Ukiona hivyo ujue tayari.

Kiota kikikataliwa mpaka kikakauka, dume hakipambi upya, anakifumua mwenyewe uzi kwa uzi anadondosha chini. Kwahiyo ukikuta nyuzi kavu zimetapakaa chini ya mti rudi kesho yake, tawi lile lile unaweza kumkuta anasuka kingine cha kijani.