Kopo lako la mchele lina gramu ngapi? Pima mwenyewe

Sokoni Kadutu au Nyawera, hapa Bukavu, mchele unapimwa kwa kopo. Gunia linauzwa kwa kilo. Ukitaka kujua wapi ni rahisi, lazima kwanza ujue kopo linabeba gramu ngapi.

Namba ya kuanzia: lita moja ya mchele mkavu, haujapikwa, ina gramu 780 mpaka 850. Shika 800. Kikombe cha mililita 250 basi ni gramu 200. Ila makopo ya Guigoz, yale ya maziwa ya unga ya watoto, hayana ukubwa mmoja, na mengine yamebonyea chini, kwa hiyo usikope hesabu ya jirani.

Hatua ya 1: ujazo, kwa maji. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Kabla ya kuifungua, weka alama pale maji yanapofika, kwa sababu ikijazwa hadi mdomoni inapita nusu lita. Jaza kopo mpaka ukingo ukihesabu chupa. Tuseme zimeingia mbili na robo: mililita 1,125. Zidisha kwa 0.8, unapata gramu 900.

Hatua ya 2: hakikisha kwa mizani. Kausha kopo vizuri. Mimina mchele polepole bila kutikisa, kisha sawazisha juu kwa rula. Pima, toa uzito wa kopo tupu, gawanya kwa ujazo. Gramu 930 kwa mililita 1,125 ni 0.83. Hiyo ndiyo namba ya mchele huo. Andika kwenye kopo. Ukibadilisha mchele, rudia: wenye chenga nyingi hujipanga vizuri zaidi na huwa mzito, mrefu na mwembamba huacha nafasi. Kwa mpunga usitumie 0.8 kabisa, maana maganda yanachukua nafasi bure. Lita moja ni gramu 550 hadi 600 tu.

Namba ikitoka 0.9, pengine kopo lilitikiswa. Kugongagonga kunashindilia punje, na kopo lile lile linaweza kuongeza asilimia 5 hadi 10. Ndiyo maana mnunuzi anataka lipigwe chini na muuzaji hataki.

Hatua ya 3: kilele. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapopotea. Kopo lenye mdomo wa sentimita 12 linabeba kilele cha mililita 130 hadi 160, yaani gramu 100 mpaka 130. Kopo letu la gramu 900 likijazwa na kilele linafika kilo 1 na gramu 20 hivi. Angalia pia kidole gumba: kikiwa ndani ya kopo, kinakula sehemu yako.

Hatua ya 4: bei. Tuseme kopo ni franka 2,700 na gunia la kilo 25 ni 70,000. Gunia: 2,800 kwa kilo. Kopo lililosawazishwa: 2,700 ÷ 0.9, yaani 3,000. Kopo lenye kilele: 2,700 ÷ 1.02, kama 2,650. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza mama anapima na kilele au bila kilele.

Ukichukua gunia, andaa vyombo: kilo 25 zinataka lita 31 hivi. Ndoo ya lita 20 inapokea kilo 16. Tisa zilizobaki zinahitaji chombo kingine cha lita 12 chenye kifuniko.