Gunia la mwezi wa sita: kuweka mahindi bila kulisha fukusi

Wamama wa likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, na baba wawili watatu mliojiunga nasi, mmeniuliza kwa nini sihangaiki na bei ya unga mwezi wa kwanza. Siri yake iko mwezi wa sita. Hapa Lubumbashi mahindi mapya yanaingia sokoni kuanzia mwezi wa nne, na kiangazi kikikolea bei inalegea. Mvua zikirudi inapanda tena, hadi mavuno mengine. Na sisi tunakula pia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia: mwaka 2024 ukame uliikumba Zambia hadi serikali yake ikatangaza janga la kitaifa, na kule wakikosa, huku bukari, ugali wetu, inapungua sahanini.

Kununua ni rahisi. Kazi ni kuweka. Mwaka wangu wa kwanza nilisimamisha magunia mawili ukutani, nikajiona mjanja. Mwezi wa tisa nikasikia gunia linalia, mchakacho mdogo kama mtu anatafuna mchanga. Nikafungua: punje zimebaki maganda yenye matundu, chini vumbi jeupe. Kuku walinenepa mwaka ule.

Kwanza, hesabu. Nyumba yangu inamaliza meka tatu kwa wiki, meka ni kile chombo cha kupimia sokoni. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi mwisho wa mwezi wa tatu ni karibu wiki 22, basi meka 66, na kidogo juu yake kwa ajili ya pumba. Usinunue zaidi ya hapo kwa sababu tu bei ni tamu.

Pili, nunua punje, si unga. Unga unachacha na kushika wadudu upesi. Saga wa wiki mbili tu.

Tatu, pima ukavu. Hapa msiruke. Chukua chupa ya kioo safi, kavu kabisa. Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi ni mabichi bado, unyevu umepita asilimia 15. Ukiyafungia hivyo yataota ukungu, na ukungu wa mahindi unaweza kuleta sumu kuvu, ambayo haiishi kwa kupika. Muuzaji atakuapia kwamba yamekauka. Wewe sikiliza chumvi. Yaanike juu ya turubai, upime tena, halafu yalale usiku mmoja yapoe kabla ya kufunga.

Nne, funga hewa. Bidoni, yaani dumu la plastiki, ya lita 20 inabeba kilo 14 hivi. Jaza hadi shingoni, kaza kifuniko. Fukusi waliomo watamaliza hewa na kufa wenyewe. Bidoni nyingi ndogo ni bora kuliko pipa moja, maana kila ukifungua unawapa pumzi.

Maswali ya wanachama

*Yaya, mimi napanga chumba kimoja. Niweke wapi?*
Chini ya kitanda, juu ya mbao, si kwenye sakafu ya saruji. Bidoni ziwe za mafuta ya kula zilizooshwa na kukauka ndani. Iliyowahi kubeba petroli, hapana, hata ukiiosha mara kumi.

*Sokoni wanauza vidonge vya kutia ndani ya gunia. Vinafaa?*
Mama, achana navyo kabisa. Vinatoa gesi inayoua fukusi, na inaua pia watu waliolala chumba hicho. Si vya nyumbani.

*Na maharage?*
Vilevile, bidoni. Ila usiyaweke miaka. Yakikaa sana kwenye joto yanagoma kuiva, na pesa uliyookoa itaishia kwenye makala ya kupikia, yaani mkaa.

*Dukani wameshusha bei ya mifuko ya unga ya kilo 25. Ninunue mitano?*
Geuza mfuko usome tarehe kwanza. Mara nyingi bei inashuka kwa sababu tarehe imekaribia. Mkiwa watu watano, gawaneni kila mmoja mfuko wake. Peke yako, chukua mmoja, na siku ya kuufungua chota unga kiganjani uunuse: ukichomoa nyuzi kama za buibui, au ukisikia harufu ya uchungu, urudishe siku hiyohiyo na risiti mkononi.