Kujua kama mhusika wako ni mtu kweli au lebo tu

Ukiwa unaandika hadithi au skripti, hata ukiwa unaangalia muvi tu, jaribu kumwelezea mhusika bila kutaja jinsia, umri, kabila, dini, kazi wala muonekano wake, sema tu anataka nini, anaogopa nini na akibanwa anafanyaje. Ukikwama ukajikuta unarudi palepale kwenye "mama mkwe mkorofi" basi huyo bado hajaandikwa, msomaji ndo anamjazia kwa dhana alizonazo tayari kichwani, na ndo maana hii njia inafanya kazi, ukiondoa lebo unaona kilichobaki. Dawa yake mpe hamu moja isiyohusiana na lebo, labda anataka kujifunza kuogelea. Usimgeuze malaika jamani, mtu asiye na kasoro nae ni lebo vilevile.

Inagoma kwa wapita njia wenye sentensi moja, hao waache. Pia inapima mhusika mmojammoja, haitakuonyesha kwamba wabaya wako wote wanatoka kundi moja. Hapo orodhesha wahusika wote uangalie nani kapewa nini, au kwa wanawake tumia kipimo cha Bechdel cha 1985, kilichotoka kwenye katuni ya mchoraji Mmarekani Alison Bechdel: je, kuna wanawake wawili wanaoongea wao kwa wao kuhusu kitu kingine zaidi ya mwanaume?