Jinsi ya kumuelewesha mtu Jackson-Vanik barazani

Ukikaa Mkunguni pale mbele ya ngome ya Lamu, mtu akakuuliza Jackson-Vanik, kile kipengele cha sheria ya Marekani, na ushuru na watu kuhama vyahusiana vipi, usianze na vifungu vya sheria. Anza na kisa. Mwambie 1972 Wasovieti waliweka kodi kwa msomi anayetaka kuhama, ati arudishe gharama za masomo yake, waliobanwa zaidi wakiwa Mayahudi, basi seneta Henry Jackson na mbunge Charles Vanik wakasema sawa, mkifungia watu wenu na sisi hatuwapi ushuru nafuu, ikaingia kwenye sheria ya biashara ya Marekani ya 1974, rais Ford akaisaini Januari 1975.

Hapa ndo wengi huchanganyikiwa so nenda polepole: biashara haikupigwa marufuku, bidhaa zilipita tu ila kwa ushuru mkubwa, na zilizolengwa ni nchi ambazo serikali ndo yashika uchumi wote. Alafu rais wa Marekani aliweza kusamehe nchi mwaka kwa mwaka, China ilisamehewa hivyo tangu 1980 (na baada ya 1989 kila mwaka kelele bungeni Marekani!).

Kenya haikuguswa, wazee watauliza tu.

Urusi ilitolewa 2012, ila sheria iliyoitoa ndo ikaleta vikwazo vya Magnitsky, vya kuwabana maafisa wa Urusi wanaokiuka haki za watu, hiyo iwekee kesho manake kahawa itapoa.