Jinsi ya kuijua kazi inayokuita wakati jina lako halimo kwenye orodha

Miaka minne nilikaa dirishani kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Moshi, nahesabu pesa za watu na kugonga mihuri. Kila tangazo la kuitwa kazini lilipotoka, mimi na wenzangu tulilifungua kwenye simu chini ya meza, tukashuka na majina kwa kidole mpaka herufi zetu. Nilikwenda usaili mara tatu. Mara mbili niliishia kwenye mchujo, mara moja nikafika mahojiano. Jina halikutokea. Na miaka yote hiyo, kila Jumamosi, kulikuwa na akina mama wananiita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara, wala sikuwahi kufikiri kwamba nao wananiita kazini.

Leo mimi ni fundi wa vyerehani. Si fundi cherehani wa kushona. Gauni langu mwenyewe nampelekea jirani. Natengeneza mashine. Nakaa barazani katikati ya mji, pale mafundi wa kushona walipojipanga bega kwa bega, na vijana wenye vyeti sandukuni huja kuniuliza nilijuaje. Jibu ni refu, kwa hiyo nimeliandika kama maelekezo, kila mtu ajaribu mwenyewe.

Kwanza tulisafishe neno lenyewe. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Old Moshi, na neno wito nimekua nalo kama uji. Ualimu ni wito, uuguzi ni wito, upadri ni wito. Nilipopata akili nikaona neno hilo hutolewa kabatini hasa watu wakianza kuulizia posho. Mtu akikutajia wito kabla ya kutaja mshahara, muulize mshahara, tena bila aibu. Baba aliipenda kazi yake, hilo silibishi, ila aliyetusomesha ni yeye pamoja na kahawa, migomba na ng'ombe wawili wa maziwa.

Andika nani anakuita

Nunua daftari dogo la shule. Kwa siku 30 andika mambo matatu tu: nani kakuletea shida gani bila wewe kumwomba, ulimfanyia nini, na je, katikati ya kazi ulitazama saa? Usiandike unachokipenda. Mimi napenda kuimba kwaya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka barabara aje nimwimbie.

Nitawaonyesha ukurasa mmoja wa kwangu. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari, shule zinakaribia kufunguliwa, mama mmoja ana rundo la sketi za sare na wateja wameshaanza kumpigia simu. Cherehani yake nyeusi ya Butterfly inaruka: inashona hatua tano, inaacha mbili. Alishaikaza skrubu ya uzi wa juu, akailegeza, akaikaza tena. Jirani naye akaja akakaza kwa akili yake. Mimi nikachomoa sindano, nikaipitisha ncha kwenye ukucha wa dole gumba. Ikakwaruza. Imepinda. Nikaweka mpya, namba 16 kwa kitambaa kile kizito, ubapa wake upande unaotakiwa, nikaisukuma juu mpaka ikagota, maana ikikaa chini kidogo tu, shatoli linapita bila kudaka kitanzi cha uzi. Kisha nikafungua kibati cha chini, nikachokonoa vumbi la nyuzi lililoshindiliwa katikati ya meno. Tone la mafuta. Akakanyaga, na ule mlio ukatoka mzima, hauna pengo. Wa pembeni akaniambia, "Dada, na hii yangu?" Nilipokuja kushika simu ilikuwa saa kumi na moja jioni. Sikuwa nimekula.

Mwezi ulipoisha daftari lilikuwa na watu kumi na tisa. Kati yao kumi na wanne walikuja kwa ajili ya cherehani, wawili kwa ajili ya mkopo, na waliobaki walitaka niwatunzie watoto. Kuhusu watoto, nilitazama saa kila baada ya dakika mbili.

Nenda ukaione upande wake mchafu

Hapa ndipo wengi wanapoponzwa na mamotivesheni spika. Kila kazi ina upande wa picha na upande wa matope, na utakaoishi nao ni matope. Kwangu ni mafuta meusi yasiyotoka kwenye kucha hata siku ya harusi, skrubu ya ukubwa wa punje ya mchele inayodondoka kwenye vumbi la baraza, na mteja anayesema "lakini fundi, umetumia dakika tano tu." Huyo wa mwisho bado ananiudhi. Skrubu hainiudhi hata kidogo; naweza kupiga magoti nusu saa nikiitafuta na nikainuka nikiwa na amani. Hiyo ndiyo dalili niliyoiamini.

Kijana anayetaka kuongoza wageni mlima Kilimanjaro asiende kuuliza habari mwezi wa kiangazi, jua linawaka na kila mtu anacheka. Afike lango la Marangu wakati wa masika, asubuhi, akasimame pale wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita, wanapopima mizigo. Kikomo ni kilo 20 kwa mtu. Awatazame wanaorudi wakiwa wamelowa kuliko wanaokwenda. Waongozaji wengi wa mlima huu walianza na mzigo kichwani, na mtu asiyeweza kuiona furaha yoyote pale langoni mvua ikinyesha, kilele cha mita 5,895 hakitamsaidia. Kama anachotaka hasa ni wanyama na pori, basi Chuo cha Mweka kipo hapohapo juu yetu tangu 1963. Akaombe kuzungumza na wanafunzi, awaulize kuhusu kutembea porini siku nzima.

Nina rafiki anayeonja kahawa. Kwa nje ni kazi ya kifahari. Kwa ndani ni gramu nane na kidogo za unga kwa mililita 150 za maji, kusubiri dakika nne, kuvunja utando kwa kijiko, kuvuta kwa sauti kama mtoto mwenye mafua, kutema, kikombe kinachofuata, tangu asubuhi. Hapaki manukato. Pilipili anaiogopa. Aliponieleza nilichoka kwa niaba yake, naye alikuwa anaeleza huku macho yanamng'aa.

Jishikize kwa fundi, lakini kwa mkataba

Ukishapata kazi moja au mbili ambazo matope yake hayakukeri, tafuta anayeifanya vizuri na ukamwombe kuangalia. Usiombe kazi. Mimi nilimwendea mzee mmoja maeneo ya Mbuyuni, saa moja na nusu asubuhi, kabla hajafungua, nikamsaidia kunyanyua bati la kibanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Naomba Jumamosi niwe nakuja kuangalia unavyotengeneza."

"Angalia. Macho hayalipishwi."

Wiki tatu za kwanza niliosha vipuri kwenye mafuta ya taa. Wiki ya nne akaniachia kichwa kimoja cha cherehani kilichokufa, akasema nikifungue chote nikirudishe. Nilibakiwa na skrubu mbili mkononi. Hakusema kitu, akanisogezea tu bisibisi. Nilikirudia siku nzima.

Ila kuna mafundi wanaogeuza wanafunzi kuwa watumishi wa bure. Kwa hiyo kubalianeni muda mapema, mbele ya mtu mzima wa tatu: wiki ngapi za kuangalia, lini utaanza kushika, na ukishika utapata fungu gani. Mzee wangu tulikubaliana Jumamosi kumi, na ya kumi na moja akaanza kunipa nauli. Ukifika mwezi wa nne bado unatumwa chapati, aga kwa heshima uondoke.

Usiache kazi kwa hasira

Nilitamani kuacha siku ile ya skrubu mbili. Nashukuru sikuacha. Piga hesabu ya mwezi wako mbaya: kodi, chakula, nauli, vocha, pesa ya nyumbani, na michango ya harusi, usijidanganye kwamba mwaka huu hutachanga. Halafu subiri mpaka kazi ya pembeni iweze kulipa nusu ya jumla hiyo kwa miezi sita mfululizo. Januari usiihesabu, kwa biashara ya cherehani Januari ni mwongo, sare za shule zinakuonyesha utajiri ambao Machi hauujui. Mimi ilinichukua mwaka mmoja na miezi minne. Wiki ya mwisho dirishani niligonga mihuri vizuri kuliko wakati wowote.

Vyeti navyo visikutishe. Aliyejifunza barazani anaweza kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi, akatambuliwa bila kurudi darasani miaka miwili. Wanazo pia kozi fupi. Mimi nilikwenda baadaye, kwa sababu shule moja iliyotaka nihudumie mashine zake za darasa la ushonaji ilitaka karatasi.

Na Krismasi je?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na kwa sauti ya chini. Wachaga tunajuana: Desemba kila mtu anapanda nyumbani, ndafu iko mezani, mbege inazunguka, na baba mkubwa aliyetoka Dar anauliza mbele ya watu, "Wewe siku hizi uko ofisi gani?" Ushauri wangu ni kwamba usimjibu kwa hotuba. Mwaka wa kwanza nilitoa hotuba. Nilizungumzia uhuru, kujiajiri, moyo kuridhika, na baba mkubwa akamgeukia baba yangu akasema, "Mwalimu, si ulisema alisoma uhasibu?" Baba akatazama kibuyu chake.

Mwaka uliofuata nilipanda na mfuko wa vifaa. Mama mdogo alikuwa na Singer ya marehemu bibi, iko chini ya kitanda imefunikwa gunia, haijazunguka miaka. Nikaiweka uwanjani mchana, mbele ya watu wote, nikaifungua juu ya kanga. Baba mkubwa alianza kwa kunielekeza. Akaishia kunishikia tochi ya simu. Ilipokubali kuzunguka akaikanyaga mwenyewe, kwa kiatu chake cha mjini, akashona mstari kwenye kipande cha gunia, akaugeuza chini juu, akaurudia.

Kesho yake asubuhi watoto wa jirani walikuwa getini wamebeba mashine kwenye toroli. Tarehe 28 nilishuka mjini na vichwa viwili vya cherehani kwenye buti la Noah, na dereva akanitoza kila kimoja kama abiria.