Jinsi ya kujua kama sumu inayoingia bwawani itavumilika kwa miaka mingi

Kipimo cha leo kikiwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa, wengi hufunga faili. Ni hatari kufanya hivyo. Kipimo hicho kinaonyesha kilichomo sasa tu. La kuuliza ni kama kinachoingia kinazidi kinachotoka.

Hatua ya 1. Shika sumu moja kwanza. Majitaka ya chooni huozeshwa na bakteria, lakini metali kama risasi, zebaki na kadimi haziozi. Kwa sehemu kubwa hubebwa na maji au hufukiwa topeni.

Hatua ya 2. Pima mzigo, yaani kilo za sumu zinazoingia, wa mwaka mzima. Miligramu kwa lita × mita za ujazo kwa sekunde × 86.4 = kilo kwa siku. Usikose mafuriko ya kwanza ya masika, maana metali nyingi husafiri zimeshikamana na udongo. Ukitafuta metali iliyoyeyuka, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, ndipo utie asidi ya nitriki hadi pH (kipimo cha uasidi) ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, itabandua metali kwenye chembe za udongo na jibu litapanda bure.

Hatua ya 3. Hesabu kiwango cha sumu majini kitatulia wapi. Tuseme bwawa safi lina mita za ujazo milioni 50, zinatoka milioni 10 kwa mwaka, na kadimi inaingia kilo 100 kwa mwaka. Tope tuliache kwanza. Mwaka wa kwanza unaisha kwa mikrogramu 1.8 hivi kwa lita, chini ya 3, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Yamefaulu! Kabla ya mwaka wa pili kwisha yanavuka 3, na mwishowe yanatulia kwenye 10 (kilo 100 ÷ mita za ujazo milioni 10 zinazotoka). Ili yatulie kwenye 3, mzigo unaovumilika hapo ni kilo 30 kwa mwaka.

Hatua ya 4. Hakiki kwa tope. Chomoa nguzo ya tope kwa bomba, ikate vipande vya sentimita 1. Tope jipya hukaa juu, kwa hiyo metali ikiongezeka kuelekea juu, mrundikano unaendelea.

Maswali

*Maabara imeandika "haikuonekana". Niweke sifuri?*
Usiweke. Uliza kiwango kidogo kabisa ambacho chombo chao kinaweza kuona. Kikiwa mikrogramu 0.5 kwa lita, mto wa mita za ujazo 100 kwa sekunde unaweza kupitisha hadi kilo 4.3 kwa siku bila kuonekana.

*Tope likishika kadimi, si nafuu?*
Kwa maji ya leo, ndiyo. Lakini asidi ikiongezeka au tope likichimbuliwa, kadimi hurudi majini. Iandike kama akiba iliyomo, usiitoe kwenye hesabu.

*Sumu zikiwa mbili, kila moja chini ya kikomo?*
Gawa kila kipimo kwa kikomo chake, kisha jumlisha. Baada ya kugawa, kadimi 0.6 na zebaki 0.6 ni 1.2. Kadimi na chumvi za zebaki zote hushambulia figo, kwa hiyo jumla ikipita 1 punguza mzigo.